Maji ya Moto Yalivyomficha Daktari Ugonjwa

"Yule daktari mpya wa zahanati anajifunzia kwa watu. Kaminya mkono wa mtu juzi, vidole vikagoma kukunjika!"

Habari hiyo nililetewa na jirani yangu, fundi cherehani, pini zimemjaa mdomoni.

Jamani, maneno mengine ni kama kupe. Unayabandua huku, yanang'ang'ania kule.

Maana binti yangu ni msusi, na vidole vilikuwa vimeanza kumgomea. Akiamka havikunjiki, kitana hakishikiki. Wateja wanamkimbia. Msusi asiye na vidole atakula nini?

Zahanati tulishaenda. Tabibu wa zamani alimwambia, "Kunja ngumi. Kunjua. Mbona mzima? Punguza kusuka."

Tuliporudi, tabibu yule yuko likizo. Nani kakaa kwenye kiti? Binti mdogo wa makamo ya mwanangu. Ndiye huyo huyo!

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nasikia unajifunzia kwa watu."

Mwanangu akanifinya. Daktari akacheka.

"Ni kweli, mama. Najifunza magonjwa ya viungo. Mwalimu wangu huja Alhamisi kunisahihisha."

Uvumi gani huu unaokiri wenyewe?

Akaminya vifundo vya vidole taratibu, kama anayechagua parachichi. Hakuona kitu. Kisha akauliza, "Leo asubuhi, kabla ya kuja, mlifanya nini?"

Nikajibu kwa maringo. "Nimemkanda kwenye beseni la maji ya moto mpaka akalainika, nikampa na vidonge vya maumivu vya mchuuzi. Nimlete mwanangu kwa daktari kakakamaa kama ubao? Thubutu!"

Akaweka kalamu chini.

"Mama, umefuta nyayo za mwizi, halafu unaniambia nimkamate."

Akaandika siku ya kurudi kwenye kadi yetu.

"Alhamisi mje kama alivyoamka. Msikande. Vidonge mviache mpaka nimtazame."

Alhamisi hiyo mwanangu alishindwa kufungua kitasa. Machozi yakamtoka. Nikakimbilia jiko.

"Mama, acha hilo beseni!"

Nikaacha. Roho inaniuma, lakini nikaacha.

Zahanati tukamkuta mwalimu, baba mmoja wa miwani, kaegemea ukuta. Akamwambia mwanafunzi wake, "Anza wewe."

Daktari akaminya. Mwanangu akaruka.

"Vimevimba, mwalimu. Laini kama sponji. Na ni mikono yote miwili."

"Vizuri. Sasa linganisha na mkono mzima, uone tofauti."

Mkono mzima uko wapi? Nikautoa wangu, kifua mbele.

"Shika huu, daktari. Umefua, umelima, haujawahi kulalamika."

Akaminya.

Weee! Yowe nililopiga, foleni nzima ya nje ilisimama. Nikasikia mtu anasema, "Kashavunja mwingine!"

Daktari hakucheka. Akashika na mkono wa pili, polepole.

"Mama, leo nawe hukugusa maji ya moto?"

"Sikugusa."

"Na siku zote unapomkanda, mikono yako inakuwa wapi?"

"Si humo humo kwenye bese…"

Mwanangu akaniangalia, nikamwangalia. Kumbe kila asubuhi nilikuwa nakanda wagonjwa wawili!

Vipimo vya damu vikasema vilevile: baridi yabisi, ile inayotafuna viungo. Ya mwanangu imewahiwa kabla vidole havijapinda. Yangu imeshaanza kukipinda kidole kidogo. Tulitumwa hospitali kubwa, dawa tunameza. Mwanangu kasharudi kusuka, kwa kupumzika pumzika. Mimi nguo nafuliwa, na nimeanza kuzoea.

Wazazi wenzangu, epukeni haya:

Kumkanda mgonjwa au kumpa vidonge asubuhi ya kwenda kwa daktari, halafu mkanyamaza.

Kusema "ni uchovu tu" wakati vidole vinakakamaa kila siku mkiamka.

Kununua michanganyiko ya vidonge isiyojulikana kwa wachuuzi.

Kumkimbia daktari kwa sababu bado anajifunza.

Kumsindikiza mgonjwa huku mnajihesabu wazima.