Tumbo la Mtu Aliyeacha Pombe

Enzi za ulevi wake, Kiptum alifunga suruali kwa kamba ya katani na hakuna aliyemsema. Alikuwa amekonda mpaka shati lilimning'inia, na sisi watu wa huku juu ya Chepseon tukikuona hivyo tunakuhurumia, tunakupa kikombe cha chai, tunaendelea na shughuli zetu. Sasa ana miezi saba hajaonja hata tone. Kamba aliitupa, zipu haifiki juu, na kila mtu ana neno la kusema.

Mwanzoni maneno yalikuwa mazuri. Alipotoka hospitali, ambako daktari alimwambia ini lake limechoka na halitavumilia tena, akina mama wa kanisa walimshika mkono na kumwambia, "Umenona, Baba Nelvine! Mungu ni mwema." Mkewe, Chepkorir, alimpa maziwa ya mursik asubuhi na ugali mchana, naye alikula kama mtu anayelipiza kisasi. Mwezi wa nne uso ulijaa. Mwezi wa sita tumbo likawa linatangulia kuingia mlangoni. Hapo ndipo pongezi zilipokatika. Watu wetu wanaamini kwamba chang'aa humkausha mtu na bia humnenepesha, na hakuna anayeweza kuwatoa hapo. Kwenye kituo cha kupimia majani ya chai wanaume walikonyezana alipokuwa akishusha gunia lake. Ati Kiptum hajaacha, amehamia bia tu.

Na tusidanganyane, yeye mwenyewe alikuwa amechoshwa na mwili huo. Akiwa shambani tumbo liligusa michai kabla vidole havijafika kwenye majani. Alikuwa mchumaji wa kusifiwa hata siku alizoamka na kichwa kizito, lakini sasa alihema kabla ya kumaliza mstari mmoja. Akioga alifunga mlango kwa komeo. Siku moja binti yake, Nelvine, alimpiga picha kwa simu akamwonyesha, naye akauliza, "Huyu mnene ni nani?" Nelvine alicheka sana akidhani baba yake anatania. Kiptum hakuwa anatania, na kicheko hicho kilimuuma kwa siku nyingi.

Kila alasiri alijiwa na wazo lile lile. Lilikuwa wazo lenye adabu, lisilopiga kelele: glasi moja tu badala ya chakula cha jioni, kwa miezi miwili, na mwili wako wa zamani utarudi. Alijikaza kisabuni, akalifukuza, kesho yake likarudi. Mtu huchoka kufukuza kitu kimoja kila siku.

Basi Nelvine akapata mchumba, na wageni wakatangaza kuja Jumamosi kwa koito, kile kikao ambacho wazee wa pande mbili huketi na kukubaliana juu ya ndoa. Baba wa msichana hukaa kwenye kiti cha mbele, na yeye ndiye anayeulizwa na kujibu. Kiptum alikuwa ameingoja siku hiyo tangu alazwe. Alitaka Nelvine aonekane ana baba.

Alhamisi akaja Kipkorir, kaka yake mkubwa, shemasi, mtu mwenye koti zuri na maneno yaliyonyooka kupita kiasi.

"Kiptum, sikia," alisema bila hata kukaa. "Jumamosi mimi ndiye nitakaa pale mbele. Wewe kaa karibu na mlango."

"Kwa nini? Si mimi ndiye baba?"

"Hiyo tumbo yako inaongea kabla hujafungua mdomo. Wageni wataangalia, watajua ni bia."

"Mimi sinywi, kaka."

"Hata zamani ulikuwa unasema hivyo hivyo," Kipkorir akajibu, na jambo baya ni kwamba alikuwa anasema kweli.

Chepkorir alisikia yote kutoka jikoni, akanyamaza. Kunyamaza huko kulimtisha Kiptum kuliko maneno ya kaka yake. Mkewe alikuwa amemwambia mapema kabisa kwamba siku atakayorudia chupa, yeye atarudi kwa mama yake kule Longisa, koito iwepo au isiwepo, wala hakuwa mwanamke wa kutishia bure. Na sasa, kwa wiki tatu, alikuwa amemwona mumewe akipotea kila saa kumi kwenye shamba la chini, kisha anapanda akijipangusa mdomo. Huko ndiko alikokuwa akificha chupa zamani, chini ya mche wa chai ulio karibu na mto.

Ijumaa Kiptum alijaribu koti lake la harusi. Mikono iliingia, mgongo ukakubali kwa shida, lakini vifungo na matundu yake havikukaribiana hata kidogo. Alilivua, akalitundika mahali pake, akachukua kitu uvunguni na kuteremka shambani. Chepkorir aliacha sufuria motoni, akamfuata.

Alimkuta amechuchumaa chini ya mche ule ule, amempa mgongo.

"Toa," alisema. "Toa hiyo kitu, Baba Nelvine. Nimechoka."

Kiptum hakugeuka. Chepkorir akamshika bega, akamvuta, akainama akanusa mdomo wake kama alivyomnusa miaka kumi na tisa. Hakukuwa na harufu ya pombe. Midomo ilikuwa na chembe nyeupe, na mapajani alikuwa na pakiti ya nusu kilo ya sukari, imechanwa kona, na maganda ya peremende yasiyohesabika.

"Sukari?" aliuliza.

"Mdomo unaitaka pombe," Kiptum alisema akiangalia chini. "Nikiupa sukari unanyamaza kidogo. Kidogo tu. Halafu naona hii tumbo, nataka kunywa ili ikwishe. Nikitaka kunywa, nakuja huku tena."

Chepkorir alikaa chini kwenye udongo, na gauni lake safi, akalia. Kumbe wiki tatu zote alikuwa ameshapanga mizigo yake moyoni.

"Nitamwambia Kipkorir leo leo," alisema alipoweza kusema.

"Usimwambie! Afadhali aseme ni bia." Kiptum alimshika mkono. "Bia ni ya wanaume. Mzee wa miaka hamsini na tatu analamba sukari kwa michai kama mtoto, nitaweka wapi uso?"

"Na Nelvine je? Umwachie baba mlevi juu unaona haya ya sukari?" Akajitoa mkononi mwake. "Sawa. Mimi sitasema. Utasema wewe, ama ukae kwa mlango."

Jumamosi wageni walifika wanane, wakaombewa, wakaketi. Kipkorir alikuwa tayari kwenye kiti cha mbele, meza mbele yake. Kiptum alikaa karibu na mlango, koti wazi, tumbo lote nje, amechoka hata kabla ya mazungumzo kuanza. Chai ilipikwa bila sukari kwa sababu wazee wawili wa upande wa pili wana kisukari, kwa hiyo Nelvine alizunguka na bakuli akimuuliza kila mtu. Kimoja. Nusu. Sitaki, mama. Mwisho akafika mlangoni.

"Baba, vijiko ngapi?"

Chepkorir alisimama kwenye mlango wa jikoni. Kiptum angeweza kusema kimoja, na kikao kingeendelea vizuri tu.

"Sita," alisema.

Kipkorir akacheka kwa aibu. "Sita? Wageni wetu, mumsamehe ndugu yangu."

"Sita," Kiptum akarudia. "Nilikuwa mlevi. Nimeacha miezi saba. Pombe ikiniita nakula sukari, nakula nikijificha kwa michai, mke wangu alinipata jana. Hii tumbo si bia. Ni hiyo sukari. Mimi ndiye baba ya huyu msichana, na hivi ndivyo niko."

Mzee mmoja wa wageni alitazama kikombe chake. Nelvine alihesabu vijiko sita polepole, akakoroga, kisha badala ya kumpa baba yake pale mlangoni, alivuka chumba chote na kukiweka kile kikombe mezani, mbele ya Kipkorir.

"Baba," alisema, "chai yako iko hapa. Kuja ukae."

Kipkorir alimtazama, akatazama kikombe, akainuka.