Mama Alivyoishusha Paneli Kutoka Paani

Baba alipopata kiharusi, tulimrudisha nyumbani Lambwe kutoka hospitalini akiwa na mkono mmoja uliokufa ganzi na maneno machache tu mdomoni. Kila asubuhi mwili wake ulikuwa umekakamaa, na kilichoulegeza ni kuogeshwa kwa maji moto. Mama, mwalimu mstaafu wa sayansi wa shule ya msingi, aliamka kabla hakujapambazuka akawasha kuni. Moshi ulimkohoza hadi akashika ukuta.

Mimi na dada yangu tukawanunulia mtambo wa kupasha maji kwa jua, paneli na tangi lake, ukafungwa juu ya paa. Jioni maji yalichoma. Lakini tangi lilikesha nje kwenye upepo wa bonde, na asubuhi maji yakawa vuguvugu. Mama akarudia kuni zake bila kutulaumu.

Nilipokwenda tena kuwaona, Mama aliniambia ameamua tangi lilale ndani ya nyumba kama sisi wengine. Alikuwa amemwita fundi wa mabomba aliyeufunga mtambo ule, mwanamke wa makamo kutoka Homa Bay mjini. Fundi alieleza kwamba tangi likiwa ndani litakuwa chini ya paneli, na maji moto hayashuki yenyewe. Yangehitaji pampu, na stima yetu hupotea kila mara.

"Basi paneli ishuke," Mama akasema. "Tangi libaki juu yake."

Nyumba yetu iko kwenye mteremko. Alituonyesha mahali nyuma ya jikoni, chini kabisa ya usawa wa msingi, panapopigwa na jua mchana kutwa. Fundi alipapima kwa macho, kisha akakubali kwamba inawezekana, ila watu watamcheka. Mama akamjibu kwamba wacheke tu, yeye atakuwa anamwogesha mume wake.

Tangi likapandishwa kwenye jukwaa la mbao ndani ya stoo, likavikwa godoro kuukuu na magunia. Paneli ikalazwa chini kwa mshazari, ikazungushiwa uzio kwa ajili ya mbuzi. Jirani mmoja aliuliza kama tunaipanda iote.

Siku hiyo paneli ilipata moto, tangi likabaki baridi. Fundi alikaribia kufungua kila kitu. Mama akaanza kuufuata kwa kiganja mpira wa juu, ule unaopeleka maji moto kutoka kwenye paneli hadi tangini, taratibu, mpaka alipofika mahali joto linapokoma. Hapo mpira ulipanda kisha ukalegea chini kidogo, na hewa ilikuwa imenasa. Wakaunyoosha ili upande moja kwa moja hadi kwenye tangi. Alasiri fundi aliweka mkono juu ya mpira huo na kuuacha hapo kwa muda mrefu, akitabasamu.

Asubuhi iliyofuata hakukuwa na moshi. Mama alifungua bomba, akayapima maji kwa kiwiko kama ya mtoto mchanga, akayamimina kwenye bega la Baba.

"Liet," Baba akasema. Ni moto. Kisha akauliza polepole ni nani aliyefanya hivyo.

"Mimi na fundi."

Alimtazama Mama sana, akachota maji kwa mkono wake mzima, akanawa uso mwenyewe.

Baadaye fundi aliitwa kisiwani Mfangano kufunga mtambo kama wetu, kwenye nyumba iliyojengwa mlimani. Alimpigia Mama simu, akamwomba waende wote. Dada yangu alibaki na Baba, na Mama akapanda boti.