Aliyeitikia Hodi Darini

Shule niliiacha darasa la tatu, lakini hapa Toronto nimepaka rangi nyumba za watu wenye digrii. Kampuni yangu niliianza na brashi moja, sikubebwa na mtu. Kwa hiyo tulipopewa lile jumba la kale kule Weston, juu ya mto, nilijua likinishinda, msimamizi wake hanipi kazi nyingine, na jina langu limekwisha.

Ni jumba la nguzo nyeupe. Alilijenga tajiri wa pamba aliyehamia kutoka kusini mwa Marekani, kwa mali iliyotokana na jasho la watumwa. Msimamizi, mama mmoja wa Kizungu, alitusimulia huku anacheka: mwanamke mpishi aliyekuja na tajiri huyo alifia chumba cha darini, na mpaka leo watu humsikia akitembea. Jina lake halijulikani. La farasi wa tajiri limeandikwa ukutani.

Kilichobaki kupakwa kilikuwa chumba hichohicho, na kesho yake harusi ilikuwa inafanyika humo jumbani. Shemeji yangu, Mpemba, mwenzangu wa kazi, akasimama mlangoni na rola.

"Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. Mara ya tatu, kimya. Akageuka ashuke.

"Unakwenda wapi?"

"Nimepiga hodi tatu, shemeji. Sijakaribishwa. Narudi."

"Mpemba mzima unaogopa mzimu wa Kanada?"

"Siogopi. Hiyo ni adabu. Dada yangu hajakufundisha?"

Hasira zikanipanda. Nikampita, nikaingia, nikamgeukia: "Karibu!"

Akaingia kwa raha zake, akapaka huku anapiga mluzi. Aliyeharibikiwa ni mimi. Nilipaka ukuta uleule mara mbili. Nimeitikia kwa niaba ya nani? Mama wa watu aliishi humu hana ruhusa ya kumkaribisha mtu, nami nimeingia bila kumuuliza, nikajifanya mwenye nyumba. Kama tajiri yuleyule.

Tulimaliza saa kumi. Shemeji akabeba ndoo.

"Haya mwenyeji, sisi wageni tunaaga."

"Toka hapa!"

Alicheka mpaka chini. Nilibaki katikati ya chumba, rangi mbichi pande zote, sina pa kuegemea. Nikataka kuaga. Nimuage nani, kwa jina gani? Nikasema, "Samahani, mama," kwa Kiswahili, lugha asiyoijua, nikafunga mlango. Nikaufungua tena, rangi ipate hewa. Nikashuka, na hadi leo sijui kama niliuacha wazi kwa ajili ya rangi.