Mtandao wa Bwana Nukta

Baba yangu ni kinyozi, na mashine ya kunyolea haijawahi kumshinda kwa kelele. Watu walikuja kwenye kiti chake kunyolewa na kubishana. Ukisema mvua itanyesha, yeye anasema hainyeshi, kisha anakuuliza umesikia wapi. Wateja walikasirika, wakaapa hawarudi, na nywele zikiota tu haohao walikuwa wa kwanza mlangoni. Mama alizoea kumwambia kwamba mdomo utamponza.

Kisha kiharusi kikamshika mkono wa kulia na ulimi. Mkono ulianza kurudi kwa mazoezi. Ulimi ulikuwa mkaidi: neno analijua, analitafuta, macho yanamtoka, linakwama njiani. Nasi, kwa mapenzi yetu, tukawa tunammalizia. Akisema "ch...", mama ameshaleta chai, hata kama mwenzake alitaka chumvi. Binamu yake, ambaye hawajapatana juu ya jambo lolote tangu utotoni, alikuja kumjulia hali akawa anaitikia kila mguno: ndiyo kaka, kweli kaka. Baba alimtazama kama mtu anayetazama jeneza lake mwenyewe.

Mtaalamu wa mazoezi alisema vidole vipewe kazi. Mimi natunga programu kwenye ofisi moja ya usafirishaji, kwa hiyo kompyuta za zamani hazikosekani nyumbani. Nikamwekea moja mezani karibu na dirisha, yenye mchezo wa kuongoza treni, wa picha za mrabamraba, ambao treni zikigongana unaanza upya kabisa. Akaupenda. Kisha akaanza kuwatafuta wanaoucheza, akaangukia kwenye jukwaa moja la mtandaoni.

Majukwaa hayo nayajua. Ni watu wasioonana wanaobishana kama kibodi nzuri ni ya kelele au ya kimya, kama lugha fulani ya programu inafaa kuzikwa, kama michezo ya siku hizi ni michezo au ni sinema za kubonyezabonyeza. Nilidhani atachoka siku ya pili. Nilikuwa nimesahau yule ni nani.

Aliandika kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, kwa hiyo hakuwa na maneno ya kupoteza. Mtu anaandika aya ndefu kusifu kompyuta yake mpya, baba anajibu: "Upuuzi." Na nukta anaiweka. Wakadhani ni dharau ya bingwa aliyebobea, wakambatiza Bwana Nukta. Hasimu wake mkubwa alikuwa mmoja anayejiita Skrini Mbovu, aliyeshikilia kwamba mchezo usiokuruhusu kuhifadhi ulipofika ni mateso. Baba alimjibu: "Ukianguka, anza upya." Skrini Mbovu akamshushia gazeti zima, na baba akalisoma akicheka kwa upande mmoja wa uso.

Jumamosi alasiri watu wa jukwaa walikuwa wakikutana kwa sauti, kila mtu na maikrofoni yake. Walimwalika, akakataa, wakamtania kwamba anaringa. Akawa anawasikiliza tu. Jumamosi moja mama alikuwa mlangoni akikunja shuka, Skrini Mbovu akasema kwamba ule mchezo wa treni ni wa kulazia watoto. Baba akabonyeza alama ya maikrofoni.

"Si... si kwe..."

Mama akaacha shuka akitaka kumkimbilia. Nikamshika mkono.

"Bwana Nukta, mtandao wako unakatakata," akasema Skrini Mbovu. "Hebu rudia."

Akarudia. Mwanamke mmoja wa pale akasema neno la mwisho halikufika, asiwe na wasiwasi, wanasubiri. Mtandao mbovu wote wanaujua. Hakuna anayemwonea mtu huruma kwa sababu yake, wala anayebahatisha upande wa pili unasema nini. Wananyamaza tu mpaka maneno yafike. Baba hakuwa amepewa ukimya wa namna hiyo tangu augue.

"Si kweli," akasema. "Hu... hujui... kucheza."

Wakaangua kicheko, na ubishi ukaendelea.

Tangu hapo kila Jumamosi mtandao wa baba ulikuwa mbovu. Walimshauri ahame kampuni, asogee dirishani, anunue waya mpya, naye akawashukuru. Maneno yakaongezeka. Hata mama akajifunza kutoka pale mlangoni. Neno likikwama mezani, anashika tama na kuuliza, "Mtandao, baba watoto?" Kisha anangoja. Ndipo chumvi ikaanza kufika.

Siku moja baba akatuambia anataka kuwaeleza ukweli. Mama akamsihi aache. Wakishajua wataanza ndiyo bwana, kweli bwana, alisema, na hapo ndipo mahali pekee palipobaki pa kumpinga. Mimi nilikuwa upande wa mama. Baba akatuinulia kiganja tunyamaze, akabonyeza maikrofoni.

"Si... mtandao," akasema. "Ni mimi. Ki... kiharusi."

Mama alijiziba mdomo kwa shuka.

"Pole sana, Bwana Nukta," Skrini Mbovu akasema mwishowe, sauti imeshuka. "Pole kweli, ndugu yangu." Tukamsikia akivuta pumzi. "Lakini kuhusu ule mchezo wa treni, bado umekosea."

Baba akacheka mpaka akafuta macho, kisha akasogeza kiti karibu na meza.

"Rudia," akasema, bila kukwama.

Wakabishana mpaka chai ya baba ikapoa. Mama alilia huku akikunja shuka moja tena na tena, na mimi nikamshukuru kwa moyo wangu wote mtu nisiyemjua hata sura, mwenye maoni ya ovyo kuhusu michezo, kwa kukataa kumkubalia baba yangu.