Ibara ya Tisa

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mpiga chapa wa chama cha watu wenye ulemavu mjini Gisenyi, Rwanda, mpakani na Kongo. Katibu wetu alikuwa mwalimu huko Goma kabla ya kupoteza macho. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Tanzania, yeye kutoka Kongo, na kila asubuhi alikicheka Kiswahili changu.

"We unasema kama redio," aliniambia.

Pia nilimsomea. Aliinamisha kichwa upande mmoja, na sentensi ikimpendeza alinigusa mkono nirudie. Siku niliyomsomea kanuni zetu mpya, zilizoandikwa kwa Kifaransa, nilifika ibara ya tisa: kiongozi wa chama lazima awe anaweza kusoma maandishi ya kawaida. Tulikuwa tumeinakili kutoka kwa chama kingine bila kufikiri. Nikairuka, ya kumi nikaiita ya tisa, nikaendelea.

Karibu mwaka mmoja baadaye wageni walituletea kompyuta yenye programu ya kusoma kwa sauti, ya Kifaransa, kupitia vipokea sauti vya masikioni. Nilifurahi kuliko yeye. Nikamwandalia kwenye disketi mwaliko wa mkutano: kichwa kimezungukwa na nyota, herufi zimeachanishwa, ratiba imepangwa kwa vistari. Kwa macho ulikuwa unapendeza kweli.

Alisikiliza kidogo, akaanza kucheka mpaka akajifuta machozi.

"Kuja, mutoto yangu. Funga macho, sikia."

Nikavaa vile vipokea sauti. Ilikuwa ikizitaja nyota zangu: *astérisque, astérisque, astérisque.* Kisha herufi mojamoja, kama mtoto anayejifunza kusoma. Kisha vile vistari: *tiret, tiret, tiret.* Tarehe sikuipata.

"Bon," alisema. "Barua yako imevaa nguo ya arusi, lakini mutu mwenyewe iko wapi?"

Niliona aibu, lakini nilikaa nikajifunza. Nyota nikazitoa. Jambo kuu likatangulia. Kila ibara ikapata namba yake na kichwa chake, ili aifikie bila kupitia nyingine zote. Chini ya nembo nikaandika kwa maneno: mikono miwili imeshikana.

Ikafika zamu ya kanuni. Nilipofika ile ibara, vidole vilisimama. Ningeweza kuifuta, lakini mashine ile tuliiweka ili asome mwenyewe. Nikaiandika yote.

Mchana alikuwa kwenye kompyuta, mimi nikijifanya napanga mafaili. Nikaona amekwama mahali fulani. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena, akavua vipokea sauti.

"Hii ya tisa. Ulikuwa unaijua?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ulinificha?"

"Niliogopa utaumia."

Nje pikipiki ilipita ikipiga honi.

"Imeniuma," alisema. "Lakini mwaka muzima nimekaa kwa kiti yenye kanuni inanikataza, na mi sijui. Hiyo ndiyo inaniuma zaidi. Usinichagulie tena cha kusikia."

Nililia. Akanitafutia leso mfukoni mwake, akaikosa, akanipa kofia yake.

Kwenye mkutano mkuu aliweka kipokea sauti sikio moja, akaisoma ibara ya tisa neno kwa neno, kisha akaieleza kwa Kinyarwanda. Mama mmoja kutoka eneo la Rugerero, aliyetembelea magongo, akauliza: "Nani aliandika upuuzi huu?"

"Sisi wote," Mwalimu akajibu. "Tulinakili bila kusoma."

Watu wakacheka, wakanyoosha mikono kupiga kura. Ibara ikaondolewa.

Kuanzia siku hiyo nilimwandikia kila kitu kizima, habari mbaya pia. Na bado kila asubuhi aliniomba nimsomee ukurasa mmoja wa gazeti, kwa sababu, alisema, ile mashine haijui kupumua.