Jina la Tatu Kutoka Juu

Turubai jipya lina harufu yake: plastiki, vumbi la gari, na kitu kama mafuta ya taa. Juzi sokoni hapa Goma muuzaji alikunjua moja mbele yangu, nikasimama nimeduwaa mpaka akaniuliza kama nanunua au napima tu kwa pua.

Nilikuwa na miaka minane tulipokimbia Masisi tukaishia kambini Kanyaruchinya, nje kidogo ya Goma: mama, mimi na mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya. Kibanda chetu kilikuwa cha fito na nguo kuukuu, juu ya mawe meusi ya volkano. Kilivuja, na mtoto alikohoa. Nitakuwa mkweli kwenu: sikumbuki kuogopa wala kulia. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, nikaendelea tu kuchota maji na kwenda shule.

Shuleni nilikuwa nyota. Darasa la pili tulijazana hemani, kitabu kimoja kwa wote, nacho kilikaa mkononi mwa mwalimu. Aligonga ubao kwa fimbo, sisi tukaimba: ba, be, bi, bo, bu. Mimi nilipaza sauti kuliko wote, na mwalimu, maskini, alitusahihisha kwa sikio. Debe tupu haliachi kuvuma, na langu lilisikika mpaka kwenye foleni ya maji. Mama, ambaye hakuwahi kukaa darasani, aliwaambia majirani, "Huyu mutoto yangu anajua kusoma sana."

Siku moja orodha ya watakaopewa maturubai ilibandikwa kwenye ukuta wa mbao. Watu walisukumana. Mama akanishika mabega akanisogeza mbele, mtoto akikohoa mgongoni mwake.

"Soma, mutoto yangu. Jina yetu iko?"

Nilitazama. Herufi zilikuwa nyingi, na hakuna aliyekuwa akiziimba. Nikapitisha kidole kutoka juu hadi chini, polepole, kama nilivyomwona mwalimu akifanya.

"Hapana, mama. Hatuko."

"Bon, haya," akasema, tukarudi kibandani. Maturubai yakagawiwa siku ile ile, yakaisha.

Wiki iliyofuata mama alinipeleka kwa dada mmoja, mwanafunzi wa sekondari, aliyewakusanya kanisani kila Jumamosi watoto waliobaki nyuma kimasomo. Nikajua naadhibiwa, ila sikujua kwa kosa gani. Pale hapakuwa na kuimba. Dada alifunika ukurasa kwa kipande cha katoni, akaacha neno moja tu, akasema, "Wewe peke yako. Polepole." Nilikaa mbele ya neno "maji" muda mrefu kuliko misa. Watoto wa miaka sita walinipita. Dada hakucheka, alinisubiri, kisha akasogeza katoni.

Mwezi wa tatu wa masomo hayo nikapita karibu na ule ukuta. Orodha ilikuwa bado pale, imefifia kwa mvua. Nikasoma. Jina la mama lilikuwa la tatu kutoka juu. Nikalirudia silabi kwa silabi, nikingoja aibu ije, haikuja. Nikarudi, nikakaa karibu na mama, nikamsaidia kuchambua maharagwe.

Nilimweleza hayo mwaka jana tu, nami sasa nina watoto wangu. Alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, na hakuacha kutwanga.

"Nilijuaga," akasema. "Jirani aliniambiaka siku ile ile, maturubai ilikuwa imeisha: jina yenu ilikuwa kwa liste."

"Na haukuniambia kitu?"

"Nikuambie nini? Ungeogopa kusoma."

Nikalia, mtu mzima mimi, mbele ya kinu. Nilikuwa nimeshika siri ile miaka yote nikidhani namkinga yeye. Kumbe mvua zile zote, alipokuwa akihamisha sufuria chini ya matone na kumfunika mtoto kwa kitenge chake, alijua ni mimi. Na bado kila Jumamosi nikirudi aliniuliza, bila hasira yoyote, "Leo ulisoma nini?"