Kigoda Mbele ya Gari la Patrice

Patrice alimvunja Mama Nyota mguu kwa jeep yake, kisha akauambia mtaa mzima kwamba alijitupa mwenyewe mbele ya gari. Mfupa umeunga, ingawa umepinda. Uongo ule bado unatembea.

Miaka kumi na minane Mama Nyota amekaanga mikate ya mafuta mtaani Kabondo, kando ya barabara, karibu na lango la Patrice. Siku ile aliinama kuokota makaa yaliyomwagika, gari likatoka.

Nani angemsikiliza? Gari lile lilipendwa kuliko watu. Vijana walipiga nalo picha, kina mama wa kanisa waligombea nafasi ya kwenda nalo matanga Bengamisa.

"Iko ya nguvu, mama," kijana mmoja alimsifia Mama Nyota gari lile. "Mule ndani hata ajali haikuwezi."

"Mule ndani, ndiyo. Mimi nilikuwa inje."

Chef, yaani mkuu wa mtaa, Papa Assumani, alipowaita wote wawili nyumbani kwake awapatanishe, Mama Nyota alikuja na kigoda anachokalia akikaanga. Patrice alikuja na gari, ingawa kutoka langoni pake ni hatua hamsini tu.

"Papa chef, panda ukae pa dereva," mama aliomba.

Mzee alipanda akichekelea kama bwana harusi. Mama akaweka kigoda mbele ya pua ya gari, akaketi, mguu mbovu ameunyoosha. Pua ile ilimpita kichwa.

"Papa, unaniona?"

"Uko wapi, mama? Umeenda?"

Watu wa mtaa waliokuja kusikiliza wakaangua kicheko. Mama akainua mkono. Mzee akanyanyuka kitini, akanyoosha shingo, akaona ncha za vidole. Kicheko kikakatika.

"Bon," alisema akishuka polepole. "Patrice, hukumuona. Hata mimi sikumuona. Sema hivyo, tumalize."

Patrice alikuwa anafuta vumbi kwenye taa. "Mutu mukubwa anainama barabarani ya nini? Donc gari iko na kosa gani?"

"Sisemi gari," Mama Nyota akamjibu. "Nasema weye."

Patrice akapanda, akawasha. Mama hakuondoka. Honi ikalia, ikalia tena, mpaka Patrice akashuka, akaja mbele kwa miguu yake kumtazama. Hapo ndipo mama alipoinuka.

Tangu siku ile kigoda kiko langoni kila asubuhi, na Patrice hatoi gari kabla hajashuka kuangalia. Hilo Mama Nyota amelipata. Bado moja: Patrice asimame mbele ya wale wale aliowadanganya, aseme kwa kinywa chake, "Hakujitupa. Mimi sikumuona." Si chef wa kumsemea, wala si mke wake. Yeye.